Alama za Fundi Vitanda

Fundi vitanda huyu hakufilisika kwa ulevi wala kamari. Alifilisika kwa vitanda vya duara. Alikiona kimoja pichani, kikamkaa moyoni, akakopa benki hela za mbao na kuchonga arobaini. Wateja walivizunguka, wakavisifu, kisha wakauliza shuka zake zinauzwa wapi, na hapo maongezi yakaishia. Viliuzwa vitatu. Kimoja alikinunua shemeji yake, ambaye hadi leo hajui kichwa kinalala upande gani.

Mahakama ikamtangaza mufilisi, karakana ikapigwa mnada, madeni yakafungwa. Jina ndilo halikusafishika. Alipotaka simu ya kulipia kidogo kidogo, muuzaji alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akairudisha simu kabatini na kulifunga kwa ufunguo.

Akaenda ofisi ya taarifa za mikopo. Karani, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, akamchapishia taarifa yake.

"Alama zako ni mia tatu na tisa, kaka yangu. Na huku kufilisika kutaonekana humu miaka saba."

"Yaani miaka saba nikae tu?"

"Usikae. Kopa kidogo, lipa kwa tarehe yake. Rekodi haitafutika mapema, ila kila mwaka uzito wake unapungua."

Nyumbani alimkuta mama yake akichambua mchele.

"Wamekupa ngapi huko?"

"Mia tatu na tisa, mama."

Mama akaweka ungo chini. Mitihani yote aliyoijua yeye ilikuwa ya mia moja. Fundi hajamaliza kuvua viatu, jirani wa kushoto alishapata habari na wa kulia alikuwa mlangoni kuja kumpongeza. Fundi akakosa moyo wa kusema ukweli.

Akajiunga na chama cha akiba cha mafundi. Alikopa hela za gundi, akalipa. Alikopa za msasa, akalipa siku moja kabla. Mwaka wa tatu alama zikafika mia nne na kumi, wa tano mia tano na thelathini. Mama akawa hashikiki. Mpwa wa fundi, daktari, alipokuja kusalimia, bibi huyo alimuuliza chuoni alipata ngapi.

"Tisini na nne, bibi."

"Si mbaya, mjukuu wangu. Kila mtu na uwezo wake."

Mwaka wa sita mke wa fundi uzalendo ukamshinda.

"Mama, zile ni alama za mtu aliyefilisika. Wanaoaminika wana mia nane."

Mama akafikiri. "Na wewe mwenzetu una ngapi?"

Mke hakuwahi kukopa popote maishani. "Mimi sina."

"Sifuri," mama alisema kwa upole, akimpigapiga begani. "Usijali, mwanangu. Mumeo atakufundisha."

Mwaka wa saba ulipotimia, karani alimpa fundi taarifa mpya. Akaisoma mbele na nyuma, mara tatu. Kufilisika hakumo. Alama mia sita na themanini. Akaomba kiti, akakaa, akapangusa macho kwa shati.

Wiki hiyohiyo akapiga simu afisa wa benki, sauti tamu kama asali, akiwa na mkopo mkubwa wa kumpa. Fundi alimrushia mkewe simu kama kaa la moto.

"Amesafiri," mke alisema.

"Anarudi lini?"

Mke akainama kumtazama mumewe, aliyekuwa ametulia chini ya meza kwa mikono na magoti.

"Hajasema."