Pini Ziliwekwa Mjini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja Kibaha vijijini. Mlango wa chumba cha vidonda haufungi, kwa hiyo tuliona na kusikia yote. Ndani alikuwepo mama aliyejifungua kwa upasuaji mjini, kidonda kimefungwa kwa pini za chuma.

"Ungeshonwa kwa uzi, mama, ningeukata sasa hivi," nesi alisema. "Kifaa cha kutolea pini hatuna. Rudi mjini."

Mama mkwe wake aliyemsindikiza akafungua pindo la kanga, akatoa pini mbili zenye damu iliyokauka. "Hizi mwanangu kazing'oa kwa plaizi. Mkewe akazimia, tukaacha."

Harufu ya usaha ikatufikia.

Naambiwa pini hufunga haraka kuliko uzi. Sijui kama daktari wa mjini alimuuliza mgonjwa anaishi wapi.