Turubai Juu ya Kompresa

Kaka yangu alifanya kazi miaka tisa kwenye boti ya kupeleka wageni kuzamia. Wageni wenyewe hawakubeba mitungi mgongoni. Kompresa ilinguruma juu ya boti na kuwapelekea hewa kwa mpira mrefu hadi mdomoni, wakitazama samaki mita sita chini. Kaka ndiye aliyeisimamia. Kila asubuhi alivuta hewa ya mpira huo yeye kwanza, amefumba macho, kama mama anayeonja uji wa mtoto. Nyumbani tulimtania, tukamwita Mwonjaji.

Kilichomnyima raha ni bomba la kuingizia hewa. Lilikuwa fupi, tena karibu na ekzosi ya kompresa yenyewe.

"Bosi, hili bomba tulipandishe juu. Moshi ukiingia humu tutaua mtu."

"Wiki ijayo, fundi."

Wiki ijayo hiyo haikufika. Kaka akawa anatazama upepo na kuigeuza kompresa ili moshi uende baharini. Alijisifia ujanja huo, nami nikacheka naye. Nikikumbuka kicheko changu najichukia.

Siku moja alishuka mgeni mmoja, mkewe akabaki kwenye boti. Mama wa watu akalalamika jua kali. Kaka, mwepesi wa huruma, akamfungia turubai, likafunika na kompresa. Moshi ukakosa pa kutokea. Haikupita robo saa, mama akashika kichwa.

"Kinanigonga."

"Ni jua tu, mama. Kunywa maji."

Kichwa cha kaka pia kilikuwa kinauma. Akanywa maji naye.

Kisha akauvuta mpira mara mbili, ishara ya kumuuliza mgeni kama yuko salama. Hakujibiwa. Yeye na nahodha wakampandisha, wakamkandamiza kifua hadi wakaishiwa nguvu. Hakuamka.

Kwenye uchunguzi waliuliza nani alifunga turubai.

"Mimi," alisema. Habari za bomba hakuna aliyeuliza, na bosi alikuwa ameshafunga jipya, refu.

Njiani kurudi nyumbani nilimfokea. "Mbona hukuwaambia ulivyomsumbua bosi?"



"Dada, bomba nililijua miaka tisa. Yule mama aliniambia kichwa kinamgonga, na mumewe bado alikuwa anavuta hewa yangu. Mimi nikampa maji."