Nilimukataza jurnaliste picha, redio ikatoa sauti, kaka Bahati akageuka mwizi wa shamba

Wakuu, salamu kutoka Masisi. Mutanisamehe Kiswahili chetu cha huku, "njo" yetu ni "ndio" yenu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu kubwa ya kosa iko yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya.

Mimi njo naongoza kundi letu la teatri. Tuko watu tisa, wote walimaji, wengi wa Kingi na Nyamitaba. Tunacheza mambo ya ugomvi wa mashamba, kisha watazamaji wanaingia katikati kusema wao wangefanya nini.

Mambo ya majina, musikilize vizuri.

Kwetu kila muntu anacheza kwa jina lake mwenyewe. Ukimwita mwizi wa teatri Musa, kesho Musa wa kilima cha pili anakuja kukuuliza alikuibia nini. Na huku kina Musa hawakosekani! Sheria hiyo niliiweka mimi.

Sasa tulitaka kwenda kucheza Walikale, pale Kibua. Shefu wa kule akatuma neno: hatuwajui, muko watu wa nani? Haki yake. Siku hizi watu tisa wakiingia kijijini na mizigo, nani hatashuku?

Mama Riziki, mwimbaji wetu, akasema, "Tutafute jurnaliste. Redio ikitusema, hata Kibua watatujua."

Tukaandikia redio moja, ile yenye kutia na picha na video kwenye intaneti. Akaja bwana mmoja na pikipiki, amevaa kizibao cha mifuko mingi.

Wakuu, huyo bwana sikumupenda hata kidogo. Anauliza mno. Muko wangapi? Munapita njia gani mukienda Nyamitaba? Nani anawapokea kule? Nikajisemea, huyu si jurnaliste, huyu ametumwa.

Nikamuvuta pembeni. "Papa, picha hapana. Video hapana. Sura ya muntu wangu isitoke hapa."

"Sasa mimi nitabeba nini?"

"Sauti tu."

Akaniangalia kama vile mimi njo niko na kitu cha kuficha. Akatoa mikro yake, akarekodi, akaenda. Nikamufuata kwa macho mpaka kwenye kona. Nilijisifu sana siku ile, nikaona nimekuwa mujanja.

Siku ile ya kurekodi, mwizi alichezwa na kaka Bahati, amevaa ndevu za pamba. Jamani, Bahati anajua kucheza! Alipiga magoti akalia: "Mimi Bahati wa Nyamitaba, njo niling'oa miti ya mupaka, nikaenda kuipanda ndani ya shamba la jirani yangu. Munisamehe!" Wamama walitoa machozi.

Emisyo, kile kipindi chetu, ikatoka Jumapili kisha misa. Na walikata wapi? Palepale. Wimbo wa Mama Riziki haukutoka, maelezo yangu hayakutoka. Neno teatri lilitajwa mara moja, mwanzoni kabisa, wakati watu walikuwa bado njiani kutoka kanisani. Kilichosikika ni Bahati analia na kukiri.

Papa Anselme, jirani wa kweli wa Bahati, alisikia. Hawa walikuwa wanapeana mbegu! Asubuhi yake akawa kwa shefu wa kijiji.

"Amekiri mwenyewe, kwa jina lake, kwenye redio. Munataka mushahidi gani tena?"

Akadai upande wote wa viazi. Upande huo njo unalisha watoto wa Bahati.

Bahati akanijia. Hakupiga kelele, na hiyo njo iliniuma zaidi. "Kaka Fideli, ulikataza picha. Watu wangeona zile ndevu za pamba, wangejua niko nacheza."



Shefu alipoita watu, nikamuomba tucheze tena, Papa Anselme aone mwenyewe. Akakubali. Ila Bahati akakataa katakata.

"Nikisema mara ya pili, itakuwa kweli."

Basi zile ndevu nikazivaa mimi. Nikapiga magoti. "Mimi Fideli wa Kingi, njo niling'oa miti ya mupaka..." Wakuu, maneno ni yaleyale niliyomufundisha Bahati. Lakini kutaja jina langu pale, watu wote wananikazia macho, nilisikia haya ya kweli.

Papa Anselme akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kumbe njo hivi! Basi, nimeacha." Akamupa Bahati mukono. Shamba likabaki kwa mwenyewe, nikashukuru Mungu.

Kibua nao wakapata habari, wametuita. Bahati amesema hatakwenda, ametoka kwenye kundi. Siwezi kumulaumu.

Nilichojifunza ni hiki: nilimushuku yule bwana na pikipiki yake siku nzima, sheria yangu mwenyewe sikuishuku hata dakika moja. Mukiita redio, museme neno teatri mwanzoni, katikati na mwisho, na mumwombe awasikilizishe kabla haijatoka.

Sasa naomba mawazo yenu, hasa wenye kujua teatri ao redio. Kibua tucheze kwa majina gani?

Na kuna lingine. Nimerudi shambani kwangu Kingi, nikakuta jirani yangu, mwenye tumeishi naye miaka yote bila neno, anatembea polepole kwenye mupaka wetu akihesabu hatua. Nikamusalimia. Akaitika vizuri tu: "Endelea na kazi, kaka. Mimi napima kidogo."

Nimwambie nini muntu kama huyo? Munijibu haraka, wakuu, kwani ninapoandika hapa bado anahesabu.