Kikombe cha Uzi wa Kijani

Shule yetu katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben ni kanisa pia. Siku za wiki mabenchi hutazama ubao, na Ijumaa jioni watoto huyageuza yakatazama madhabahu. Wengi wao ni yatima, na kitu cha kuita changu ni nadra kwao. Sare imevaliwa na mwingine, kitabu ni cha benchi zima. Ndiyo maana siku ya kwanza tunampa kila mtoto kikombe cha uji. Anachagua uzi kwenye kikapu cha akina mama wa kanisa wanaoshona, anaufunga kwenye mkono wa kikombe. Akihama, anaondoka nacho.

Kuna msichana aliyechagua uzi wa kijani. Alikaa mbele, akauliza "kwa nini" mpaka kengele. Nyanya yake alipotoka Kitui kumchukua, nilimletea kikombe chake. Msichana akakirudisha kwenye msumari wake ukutani.

"Kiache, ticha. Nikirudi nitanywea nini?"

"Kwani kwetu tunakunywa kwa viganja?" nyanya akamtania.

Akacheka, lakini hakukichukua.

Mihula imepita. Kila Ijumaa tukisuuza vikombe, hicho nakisuuza pia, ingawa hakijaguswa na uji tangu aondoke. Mlango ukilia katikati ya somo, bado nageuka.

Juzi akaletwa msichana mgeni, na vikombe vilikuwa vimeisha. Mpishi wetu, mama asiyezungusha maneno, akashusha kile cha uzi wa kijani.

"Mwalimu, uji unapoa. Huyu anywee nini?"

"Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe anakunywa uji wa nyanyake. Huyu yuko hapa."

Mgeni alijifanya hasikii, macho kwenye sufuria. Nikakichukua kikombe nikaanza kufungua uzi. Fundo lilikuwa limekazwa kwa nguvu zote za mtoto, na vidole vyangu havikuwa na haraka. Mgeni akasogea.

"Ni wa nani?"

"Wa dada yako. Alisema atarudi."

Akafikiri kidogo. "Basi uache. Mimi nitafunga wangu hapa kando."

Akachagua mwekundu. Nikamjazia uji hadi ukingoni, akanywa bila kupumzika, akaomba tena.

Ijumaa bado nakisuuza, ingawa sasa kina masalio ya uji chini. Naziminya nyuzi zote mbili maji yatoke. Mwekundu ungali unang'aa. Wa kijani umeanza kupauka, nami naushika polepole, usije ukakatika kabla mwenyewe hajauona.