Ukuta wa Chumba cha Mama

Sijawahi kujua kutulia. Hata darasani natembea tangu kengele hadi kengele, na wanafunzi wananitania kwamba nimeshafika Nanyamba na kurudi nikiwa palepale ubaoni. Kwa hiyo siku nilipoona ukuta wa chumba cha mama umetoka kitambi, usingizi ulinipaa.

Mama anaishi peke yake Mahurunga, kwenye nyumba ya miti na udongo waliyoijenga na marehemu baba. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa umevimba kwa ndani, pale pale kilipokuwa kitanda chake. Nilining'iniza uzi wenye jiwe, nikachora alama kwa penseli sakafuni. Niliporudi kutoka Magomeni, ninakofundisha, wiki mbili baadaye, kitambi kilikuwa kimeivuka alama kwa upana wa kidole.

"Wala hauanguki leo," alisema mama. "Unajinyoosha tu."

Nafundisha fizikia, na ujuzi huo ndio ulionitesa. Punje ya chumvi ina mpangilio, chembe zake zimejipanga safu kwa safu kama wanafunzi mstarini asubuhi. Udongo uliokandikwa hauna safu. Kila chembe imekaa ilipoangukia, imeegemea jirani yake, na jirani naye kamwegemea mwingine. Ukiubebesha mzigo, hautulii hata kama kwa macho umetulia. Hapa moja inateleza, kule mbili zinahama, na miaka inapita ukuta ukizidi kukakamaa na huku unasogea. Halafu siku moja, mahali pamoja, zinaachiana nyingi kwa mpigo. Siku gani? Hapo hesabu zangu zote zilinikimbia, nami nikabaki kuzunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

Mama hakuwa na hesabu. Kila asubuhi aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka mlangoni hadi dirishani, akisikiliza. Palipoitika kwa sauti nzito alipita. Palipolia kama debe tupu alipakumbuka, na kabla ya mvua alipabomoa, akakandika upya kwa udongo wa kichuguu uliokanyagwa vizuri na kulazwa siku tatu. Siku tatu! Mimi ambaye chai haijawahi kupoa mbele yangu.

Sikungoja. Nilileta saruji kwa pikipiki, nikachota mchanga, na siku mama alipokwenda kulima bondeni nikaupiga plasta ukuta mzima kwa ndani. Niliulainisha kwa mwiko hadi ukang'aa. Kitambi kikapotea machoni. Niseme kweli, jioni ile nilijiona mtoto mwema kuliko wote kijijini.

Mama alirudi, akasimama mlangoni na jembe begani. "Ahsante, mwanangu. Umependeza." Akaugonga. Akasogea hatua moja, akagonga tena. Kila mahali ulilia sauti ileile moja.

Safari iliyofuata nilikuta kitanda kimehamia upande wa pili wa chumba. "Kule kuna joto," alisema bila kuniangalia. Niliumia. Nilimwambia kwamba nimeumiza mgongo kwa ajili ya ukuta ule, ndipo nikakirudisha kitanda mwenyewe, nikakisukuma hadi kikagusa plasta yangu, nikachomekea na chandarua. Mama akasema, "Haya."

Mvua zikaanza. Maji yaliingia ukutani kwa nje, na kwa ndani saruji ikayazuia yasikauke. Udongo ukalainika kimya kimya nyuma ya plasta, pasipoonekana ufa wala uvimbe. Asubuhi moja mama alikuwa ametoka kuchota maji, ukuta ukaanguka.

Jirani yake, mwanamke ambaye wamekandika pamoja miaka yote, ndiye aliyenipigia simu. Nilifika mbio. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele. Ndani, plasta yangu ilikuwa imelala juu ya kitanda, karibu nzima, na udongo wote juu yake.

Jirani akanivuta pembeni. "Hapakuwa na joto lolote," aliniambia. "Alihamisha kitanda kwa sababu hawezi tena kuusikia ukuta wake. Ulipokirudisha, akawa anajilaza tu, halali. Nikamwambia akihamishe tena. Akasema, mwanangu akija atajisikia vibaya."

Wiki tatu alijilaza pale kwa ajili yangu. Niliona aibu hadi nikashindwa kuingia barazani.

Tulikanyaga udongo mpya sisi watatu, tukaulaza chini ya majani ya mgomba. Nikaanza tena kuzunguka uani, mara kuufunua, mara kuufunika. Mwishowe nikamuuliza mama kwa nini hakunikatalia siku ile ya kitanda.

Aliweka ungo chini.

"Ungekaa unisikilize?"

Nikakaa. Siku ya kwanza kati ya tatu ilikuwa haijafika hata adhuhuri.