Mkono Uliobaki

Mimi nililelewa kwa fimbo. Kule Kwaluguru, mwalimu wangu wa darasa la tano alinivunja kidole kwa sababu nilikosea kugawanya, na nilipofika nyumbani baba akaniongezea kwa kosa la kulia. Kwa hiyo nilipoajiriwa Korogwe, Masuguru, kwenye shule ya Montessori, kufundisha watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili, nilicheka moyoni. Hakuna kengele, hakuna fimbo, mtoto anachagua kazi yake mwenyewe. Ugomvi unaandikwa daftarini, na Ijumaa darasa zima linakaa mkekani kuuamua. Nikasema haya, tutaona.

Muhula wa pili mzee mmoja wa Chanika, kule Handeni, alimleta binti yake wa miaka kumi na mmoja pamoja na fimbo ya mkwaju aliyoichonga mwenyewe.

"Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu," akaniambia, yaani nichape nitakavyo, nisivunje tu, kama baba yangu alivyowaambia walimu wangu.

Nilipaswa kuikataa. Niliificha nyuma ya kabati, na sitadanganya, nilifurahi.

Asubuhi moja binti yule alishindwa kugawanya kwa shanga. Akapindua trei, shanga zikatawanyika, mwenzake akacheka, naye akampiga teke la tumbo. Damu ikanichemka. Nilichomoa fimbo nikamcharaza mgongoni na miguuni. Akajikinga kwa mkono wa kulia, nikaupiga mkono. Niliendelea hata alipokwisha kunyamaza. Mchana vidole vyake vilikuwa vimevimba, havishiki kalamu.

Mwalimu mkuu aliandika barua ya kunifukuza, akaiweka mezani. "Watoto ndio wataamua kama naisaini," akasema.

Ijumaa daftari lilikuwa na mstari mmoja, umeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala: Mwalimu alinipiga.

Mwenyekiti wa kikao, msichana wa miaka kumi, akaniuliza, "Mwalimu, ulitaka nini ulipompiga?"

"Nilitaka aache."

"Alikuwa ameshaacha."

Kanuni yao ni moja: anayeharibu hutengeneza. Wakaamua nibaki, nimwandikie yule binti kazi zake zote mpaka vidole vipone. Nilitoka pale nikijua nimeponea chupuchupu.

Jumatatu niliketi naye mkekani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu yake. Akafumba macho, akaninyooshea kiganja cha mkono uliobaki.