Punje Mbili za Tunda Moja

Jumatatu, hospitalini Bukoba, mbele yangu kwenye foleni ya dirisha la mapokezi walisimama bibi wawili kutoka Izigo. Mmoja alikuwa anasubiri upasuaji. Mwenzake alimshika kiuno, kama nguzo inavyoegemezwa kwenye mgomba wenye mkungu.

“Bibi, wewe ni nani kwake?” karani aliuliza. “Anatakiwa ndugu wa kutia sahihi.”

“Andika omukago.”

Karani, mgeni mkoani Kagera, aliduwaa. “Hilo ni kabila?”

Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa kahawa ya kutafuna, akalipasua tunda moja kwa meno. Ndani mlikuwa na punje mbili.

“Usichanani mwetu tulikula hivi, yeye moja, mimi moja, tukaapa kutoachana; huo ndio omukago. Alipofiwa na mume, ndugu zake walikuja msibani, wakarudi kwao. Mimi sijarudi.”

Karani akaandika, akasoma kwa sauti: “Dada.”

Mgonjwa akainua kichwa.

“Futa, mjukuu wangu. Dada nilipewa tu. Huyu nilimchagua.”

Karani akafuta. Mimi nina dada watatu, nawapenda wote, lakini foleni iliposogea nilijikuta nimejishika kiuno mwenyewe.